Kompyuta ikamate virusi, lakini nani afute?

Swali ambalo nimeulizwa mara nyingi zaidi mwaka huu ni hili: kama kompyuta ina akili kiasi cha kuendesha benki na ndege, kwa nini isijikague yenyewe, ikikuta virusi ivifute, halafu iendelee na kazi bila kumsumbua mtu? Anayeuliza huwa ni mwenye saiba, mhasibu wa sacco au mwalimu wa kompyuta, na mara nyingi huuliza akiwa ameshika flashi mkononi. Leo nataka kulijibu vizuri, kwa sababu jibu lipo, ila si "ndiyo" tupu wala "hapana" tupu.

Kwa wale wasionijua, mimi ni mtunzi wa programu hapa Machakos. Nilisomea sayansi ya kompyuta, na riziki yangu ni kuandika programu za karo, stoo na malipo kwa shule na biashara ndogo ndogo. Kazi ya kutunza mitandao ilinijia pembeni tu. Huku kwetu ukishajulikana kwamba unajua kompyuta, basi wewe ndiwe fundi wa kila kitu chenye waya. Hivyo ndivyo nilivyojikuta na maabara ya kompyuta ya shule moja ya kutwa katika kaunti hii: kompyuta 40, seva moja, swichi mbili na flashi zisizo na idadi.

Tuanze na hizo flashi, maana huku ndizo gari la virusi. Mwanafunzi anaandika kazi yake shuleni na kuihifadhi kwenye flashi. Jumamosi anaipeleka saiba karibu na steji ili achapishe kurasa mbili tatu, kwenye mashine ambayo siku hiyo imeshachomekwa flashi za watu wengine 30. Jumatatu flashi inarudi shuleni na mgeni ndani. Wengi wenu mnakijua kile kirusi kinachoficha folda zote na kuweka njia za mkato zenye majina yale yale. Ukibofya, folda inafunguka kama kawaida, lakini kirusi nacho kimeshaanza kazi nyuma ya pazia. Mwenye flashi akiona vitu vimebadilika hudhani kila kitu kimepotea, kumbe faili zake zipo pale pale, zimefichwa tu. Likumbukeni hilo.

Nilipoitwa katika shule ile kwa mara ya kwanza, maabara ilikuwa msibani. Fundi aliyekuwepo kabla yangu aliipanga antivairasi ifute chochote inachokishuku, bila kuuliza na bila kuweka nakala. Kwa miezi mingi mpangilio huo ulionekana kuwa mzuri sana, kwa kuwa hakuna aliyesumbuliwa na maswali kwenye skrini. Kisha asubuhi moja, baada ya antivairasi kujisasisha, ilipita kwenye folda ya pamoja na kufuta hifadhidata 11 za wanafunzi wa kidato cha nne. Hazikuwa na kirusi. Zilikuwa miradi ya karatasi ya tatu ya somo la Kompyuta katika KCSE, ambayo wanafunzi hawa waliitengeneza kwa Microsoft Access, na ndani yake waliandika vipande vya programu vya kufungua fomu na kukokotoa jumla. Antivairasi iliviona vipande vile, ikavifananisha na kitu inachokijua, ikahukumu.

Mwalimu alinipokea mlangoni na maneno haya: "Kijana wangu, hii mashine imekula watoto wangu."

Tulikusanya flashi zote za darasa. Miradi 8 kati ya 11 tuliipata humo, ya wiki moja au mbili nyuma, kwenye folda zilizofichwa na kile kirusi cha njia za mkato. Wanafunzi watatu waliokuwa wamehifadhi kazi yao kwenye folda ya pamoja peke yake walianza upya zikiwa zimebaki wiki chache. Hebu tazameni kinyume hicho, ndugu zangu. Kirusi kilificha kazi za wanafunzi. Aliyezifuta ni mlinzi.

Sasa mtu ataniambia, "Tafuta antivairasi nzuri zaidi isiyokosea." Haipo, na si kwa sababu waandishi wake ni wavivu. Mwaka 1984 Mmarekani Fred Cohen, mmoja wa watu wa kwanza kuvichunguza virusi vya kompyuta kitaalamu, alionyesha kwamba haiwezekani kuandika programu itakayotambua kila kirusi bila kukosea. Hoja yake ni rahisi kuifuata. Tuseme unayo programu ya kupambanua isiyokosea kamwe. Mimi naandika programu yangu, na ndani yake naiambia imuulize mpambanuzi wako: "Je, mimi ni kirusi?" Akisema ndiyo, programu yangu inatulia bila kumdhuru mtu. Akisema hapana, inaanza kujinakili na kusambaa. Jibu lolote atakalotoa litakuwa la uongo. Kwa hiyo mpambanuzi asiyekosea hawezi kuwepo, hata ukimpa mashine ya bei gani.

Kinachobaki ni kukisia. Njia ya zamani ni ya saini, yaani kulinganisha faili na orodha ya alama za virusi vinavyojulikana. Njia ya pili ni ya mwenendo: programu hii inafanya nini, inagusa nini, inazungumza na nani. Saini hushindwa na kirusi kipya. Mwenendo hukamata vipya, lakini hushika na wasio na hatia, kama polisi anayekamata kila mtu anayekimbia.

Tupige hesabu kidogo. Kompyuta 40 zenye faili 50,000 kila moja ni faili 2,000,000. Chukua mpambanuzi hodari sana anayekosea mara moja tu katika kila faili 100,000. Atashika faili 20 zisizo na kosa. Na tuseme siku hiyo kwenye mtandao mzima kuna faili 5 zenye virusi kweli, naye akazipata zote. Katika faili 25 alizoshika, 20 ni za watu wema. Ukimpa ruhusa ya kufuta papo hapo, umefuta kazi 20 za watu ili kuondoa virusi 5. Ndiyo maana mlinzi hodari anaweza kuwa hakimu mbaya.

Makosa haya hayako kwetu tu. Tarehe 21 Aprili 2010 kampuni ya McAfee ilituma sasisho lililoishika svchost.exe, faili halali na muhimu ya Windows XP, kwa kudhani ni kirusi. Kompyuta nyingi za maofisini katika nchi mbalimbali zikawa zinajizima na kujiwasha bila kikomo. Na tarehe 19 Julai 2024 faili moja yenye kasoro kutoka CrowdStrike, ambayo kazi yake ni ulinzi, iliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Siku zote mbili hapakuwa na mshambulizi. Kulikuwa na mlinzi aliyepewa mamlaka makubwa, akafika kila mahali kwa wakati mmoja.

Vijana wenzangu wanaopenda kuandika programu huwa na wazo jingine. Wananiambia, kama virusi husambaa vyenyewe, si tuandike kirusi chema kisambae vilevile, kisafishe mashine zote za mji? Dawa ya moto ni moto! Wazo hili ni la zamani kuliko sisi sote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, programu ya majaribio iitwayo Creeper ilikuwa ikitembea kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwenye mtandao wa ARPANET, na Ray Tomlinson, yule yule wa barua pepe, akaandika Reaper ya kuiwinda na kuifuta.

Jaribio lililotoka nje ya maabara lilikuja Agosti 2003. Mnyoo uitwao Blaster ulikuwa umeshambulia kompyuta za Windows, na wiki moja baadaye ukatokea mwingine, Welchia, ulioingia kupitia ufa ule ule. Welchia ulikuwa ukiifuta Blaster, unapakua kiraka cha Microsoft, unakisakinisha, kisha unaiwasha kompyuta upya. Mwandishi wake aliupanga hata ujifute wenyewe mwaka 2004 ukiingia. Nia unaweza kusema ilikuwa njema. Lakini ili upate mashine za kutibu, ulibisha hodi kwenye anwani nyingi kiasi kwamba mitandao ilijaa. Mtandao wa Jeshi la Majini la Marekani ulizidiwa, na shughuli za kupokea abiria za Air Canada zikavurugika. Mgonjwa alitibiwa kwa kufunga barabara zote za kwenda hospitali.

Tena kuna suala la ruhusa. Hapa Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018 inakataza kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini. Kusema "nilikuwa namsafishia" hakukupi idhini hiyo.

Mfano ninaoupenda ni wa karibuni, na unatuhusu sisi watu wa flashi. PlugX ni programu ya kijasusi ambayo aina yake moja husambaa kwa flashi, huku ikificha faili za mwenyewe na kuweka njia ya mkato. Septemba 2023 kampuni ya Kifaransa Sekoia iliipata kwa dola 7 tu anwani ya IP ambayo mashine zilizoambukizwa zilikuwa zikiipigia kuomba amri. Katika miezi sita zilipiga simu hiyo anwani tofauti zaidi ya milioni 2.5 kutoka nchi zaidi ya 170, Nigeria ikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Na PlugX yenyewe ina amri ya kujifuta. Yaani wataalamu wale walikuwa wamekaa mbele ya kitufe cha kusafisha dunia nzima.

Hawakukibonyeza. Waliona kwamba mashine hizo si zao na sheria za kila nchi ni tofauti. Vilevile waliona kwamba amri ile ingesafisha kompyuta bila kusafisha flashi, na kwamba kugusa flashi kungeweza kuharibu faili za wenyewe. Kwa hiyo walipeleka suala hilo kwa mamlaka za kila nchi ziamue. Ufaransa ilianza usafishaji mwaka 2024. Nchini Marekani FBI iliomba kibali cha mahakama, na Januari 2025 ikatangazwa kwamba kompyuta 4,258 zilikuwa zimesafishwa kwa njia hiyo. Kazi ya kufuta ilifanywa na mashine, lakini idhini ilitolewa na hakimu.

Sasa msije mkanielewa vibaya mkadhani nasema kila kitu kifanywe kwa mkono. Tarehe 12 Mei 2017 mnyoo wa WannaCry ulianza kufunga faili za watu na kudai fidia, na kwa siku chache ulikuwa umefikia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Mnyoo wa namna hiyo hausubiri fundi apande matatu kutoka Athi River. Wakati mwalimu anatafuta namba yangu kwenye simu, maabara nzima imeshakwisha. Kwa hiyo mashine lazima ichukue hatua yenyewe. Swali ni hatua ipi.

Kanuni ninayoifuata ni moja: mashine ifanye yenyewe, haraka, kila jambo linaloweza kurudishwa. Jambo lisiloweza kurudishwa lisubiri mtu. Kuitenga kompyuta kunarudishwa. Kuhamishia faili karantini kunarudishwa. Kufuta mradi wa mwanafunzi hakurudishwi.

Pale shuleni nimeipanga hivi.

Kwanza, chambo. Kwenye mtandao wa maabara kuna anwani 12 ambazo hazina kompyuta yoyote, seva ndiyo inayozisikiliza. Mwanafunzi hana sababu ya kubisha hodi huko. Mnyoo wa aina ya WannaCry hutafuta majirani kwa kujaribu anwani moja baada ya nyingine kupitia mlango namba 445, hivyo hauchelewi kugusa chambo. Vilevile ndani ya folda ya pamoja kuna faili chache ambazo hakuna anayezitumia. Mojawapo ikibadilika, basi kuna programu inayopitia kila kitu.

Pili, karantini. Chambo kikiguswa, skripti yangu inaiamuru swichi kuhamisha kompyuta hiyo moja kwenye chumba cha pembeni ndani ya mtandao, ambako haioni majirani wala folda ya pamoja. Katika majaribio yangu huchukua chini ya sekunde 10. Angalieni kwamba amri haipiti kwenye kompyuta yenyewe. Programu hasidi nyingi, zikishaingia, huzima antivairasi au huidanganya. Wahenga walishasema mganga hajigangi, na kompyuta iliyoingiliwa ndiyo ya mwisho kuulizwa kama ni mzima.

Tatu, ujumbe mfupi unatumwa kwa mwalimu na kwangu, ukitaja namba ya kompyuta na kilichotokea. Hapo mtu anaingia.

Nne, tiba. Hatuhangaiki kuchimbua kirusi kutoka ndani ya Windows, kwa sababu huwezi kuwa na hakika umemaliza mizizi. Mwalimu akikubali, kompyuta inafutwa yote na kuwekewa nakala safi ya mfumo kupitia mtandao, kwa programu ya bure iitwayo FOG. Inawezekana kwa kuwa kazi za wanafunzi hazikai kwenye kompyuta zao. Zinakaa kwenye seva, na kila usiku seva inatunza nakala za siku 30 zilizopita, pamoja na diski ya nje inayochomolewa na kufungiwa kabatini. Wenye saiba wanaotumia Deep Freeze wanaielewa falsafa hii: mashine inarudi ilivyokuwa jana bila kujali nani aliichafua. Kufuta kunakuwa jambo dogo pale ambapo hakuna cha thamani cha kufutwa.

Tano, kituo cha flashi. Mlangoni kuna kompyuta kuukuu ya Linux, ambayo virusi vile vya njia za mkato vya Windows haviwezi kuendeshwa juu yake. Flashi huchomekwa hapo kwanza. Faili zote, hata zilizofichwa, hunakiliwa hadi kwenye seva, ClamAV huzikagua, na zenye shaka huenda karantini kwa siku 60. Hakuna inayofutwa kabla ya kuangaliwa na mtu.

Je, mfumo huu hukosea? Ndiyo, na nilitarajia hivyo. Muhula uliopita mwalimu wa Hisabati alileta laptopu yenye programu ya kutafuta printa. Programu hiyo ikabisha hodi kwenye chambo, na laptopu ikatengwa papo hapo akiwa anachapisha mtihani. Alilalamika, akaangaliwa, akarudishwa. Uamuzi mbaya wa mashine ulimgharimu dakika 10. Linganisheni na wale wanafunzi watatu walioanza miradi upya.

Anayetaka kujaribu kwake asitumie virusi halisi. Kuna faili la majaribio la EICAR, herufi 68 tu, ambalo antivairasi hukubaliana kulichukulia kama kirusi ingawa halina madhara. Liweke kwenye folda ya pamoja uone kinachotokea. Kama limetoweka bila kuacha alama na hujui pa kulirudisha, basi siku moja kazi ya mtu itatoweka vilevile. Fungua mipangilio, badilisha "futa" iwe "karantini". Kazi ya dakika mbili.

Na kabla ya hayo yote, zibeni nyufa. Kiraka cha ule ufa uliotumiwa na WannaCry kilitolewa Machi 2017, miezi miwili kabla ya shambulio. Windows 10 nayo iliacha kupata viraka vya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na bado naikuta kwenye ofisi nyingi nikipita. Mashine kama hizo zijiandikisheni kwa viraka vya ziada, zihamishieni Linux, au walau zitengeni na zile zinazobeba hesabu za watu.

Kwa hiyo ukiniuliza tena kama kompyuta inaweza kujitibu, nitakuuliza kwanza: nakala zako ziko wapi? Ukinionyesha, tutaiachia mashine kazi nyingi sana. Kama huna, iache ikamate na kutenga tu, na kufuta ufute wewe, ukiwa umelitazama faili na kujua ni la nani.

Haya, tuonane wakati mwingine panapo majaliwa. Na flashi zenu zipitishieni mlangoni.